Maziwa Yasiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alibeba ndoo ya maziwa kutoka nyumbani hadi kituo cha kupokelea maziwa. Ndoo ilikuwa ya chuma, yenye mfuniko wa kubana na utambo mwembamba unaokata vidole. Zamani alikuwa akibadili mkono kila akipita nguzo ya umeme, huku akilalamika njia nzima. Siku hizi aliibeba kwa mkono mmoja tu, toka mlangoni mpaka kituoni. Akiitua, kiganja kilikuwa na alama nyekundu iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Aliitazama alama hiyo kama iliyo kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Uwe unabadili mkono, mwanangu," Mama Mdogo alimwambia mara kwa mara. "Kwani huumii?"

Chiriku alitikisa kichwa. Hakuwa anadanganya. Hakuumia.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akifua, na aliongea hata usingizini. "Mtoto huyu ni chiriku mtupu," mama alisema, na mtaa mzima ukasahau jina lake jingine. Mama mwenyewe akawa Mama Chiriku. Kisha mama akaugua, na mvua zilipoanza akafariki. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Baba alirudi kutoka alikokuwa akifanya kazi, mbali, akakaa mpaka ruhusa yake ilipoisha, akaondoka tena. Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, akahamia na sanduku lake ili amtunze mtoto na ng'ombe.

Tangu hapo Chiriku alinyamaza. Hakununa wala hakulia. Aliamka, akakamua, akaenda shule, akarudi. Akiulizwa jambo alijibu kwa neno moja au mawili, basi. Ilikuwa kama mtu fulani amepunguza sauti ya dunia, naye haoni sababu ya kuiongeza.

Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana. Ndani mlikuwa na mizani, tangi kubwa la kupozea lililonguruma kutwa, na harufu ya sabuni iliyochanganyika na maziwa. Mama Mdogo ndiye aliyekuwa mpokeaji. Alivaa koti jeupe na kuficha nywele zote ndani ya kofia. Kila mfugaji aligusisha kadi yake kwenye mashine iliyokuwa dirishani, mashine ikalia "ti", na jina lake likatokea kwenye kioo. Kisha maziwa yalipimwa, na mashine ikatuma idadi ya lita moja kwa moja makao makuu ya ushirika.

Chiriku aligusisha kadi. Ti. Kwenye kioo kidogo cha kijani pakaandikwa: KARIBU MAMA CHIRIKU.

Aliyasoma maneno hayo mpaka yalipofutika. Katika siku yake nzima, hicho ndicho kitu pekee alichokingojea.

"Usiiondoe kadi, mwanangu," Fundi Baiskeli alisema nyuma yake, akitua ndoo yake mwenyewe. "Leo zamu yangu. Mama Mdogo, nipitishie na haya hapohapo."

"Ahsante, Baba Redio," Mama Mdogo alimwita Fundi Baiskeli kwa jina la binti yake. "Lakini mbona leo kidogo?"

"Muulize ng'ombe. Nimempa majani, nimempa maji, nimempa na salamu. Nadhani anataka na mshahara."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama Mdogo akamimina maziwa ya Fundi Baiskeli, na lita zake zikaingia kwenye kadi ya Mama Chiriku. Ndivyo majirani walivyokubaliana baada ya mazishi. Kila asubuhi mmoja wao aliyapitisha maziwa yake kwenye kadi ya marehemu, mpaka nyumba isimame. Hakuna aliyewaagiza. Hakuna aliyeutangaza mpango huo pia, kwa kuwa sheria za ushirika zilisema maziwa ya mtu yapite kwenye kadi yake, na kadi ya marehemu irudishwe ofisini.

Siku hiyo ya Ijumaa, kabla lori la kuchukua maziwa halijafika, lilikuja gari la Meneja wa ushirika. Alikuwa mtu mnene, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Alipita foleni nzima akaiweka simu yake dirishani, mbele ya Mama Mdogo.

"Hebu tazama hapa, mama."

Kwenye simu palikuwa na ripoti ya vituo vyote. Kila kituo kilikuwa na nguzo mbili za rangi. Nguzo ya buluu ilionyesha maziwa yaliyopokelewa dirishani, na ya kijani ilionyesha maziwa yaliyoingia kwenye lori. Katika vituo vingine nguzo hizo zililingana, au ya kijani ilipungua kidogo, kwa sababu maziwa humwagika na mengine hubaki kwenye ndoo. Katika kituo hiki, ya kijani ilikuwa ndefu kuliko ya buluu.

"Kupungua naelewa," Meneja alisema. "Kuzidi sielewi. Umepokea maziwa haya, lori limebeba zaidi ya haya. Si leo tu, kila siku. Ng'ombe hawakamuliwi ndani ya tangi, mama. Ziada inatoka wapi?"

"Mimi napima ninacholetewa, Meneja."

"Na maji je?"

Vichwa vyote kwenye foleni vikageuka.

"Si mnapima kiwandani?" Mama Mdogo aliuliza polepole. "Mmeona maji?"

"Hatujaona. Lakini mjanja haachi nyayo." Meneja alichukua simu yake. "Kesho nitamtuma mtu wa takwimu. Asipoweza kunionyesha ziada inatoka wapi, Jumapili nitaleta mpokeaji mwingine hapa. Na habari ya mtu anayetia maji maziwa haiishii kwenye kufukuzwa. Unaelewa?"

"Naelewa."

Chiriku alisimama pembeni na ndoo tupu. Alijua kwamba alipaswa kuogopa. Alijaribu kuutafuta woga ndani yake, kama mtu anayepapasa mfukoni, asiupate. Akaenda shule.

Wakati wa mapumziko Redio alimfuata chini ya ukuta wa madarasa. Redio alikuwa binti wa Fundi Baiskeli, wa darasa lao, na hakuna habari iliyopita mtaani isipitie kwake.

"Wanasema chai tunayokunywa ni ya maji ya bomba na chaki," Redio alisema. "Wanasema Mama yako Mdogo anafungulia bomba watu wakiondoka."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Baba yako?"

"Baba? Akinisikia nasema hivi atanijaza upepo kwa pampu. Wengine tu. Mimi situngi, natangaza." Redio alimtazama usoni, akaacha kutabasamu. "Chiriku, kwa nini hukasiriki? Zamani ungeshanijibu maneno mia."

Chiriku aliinua mabega. Kengele ikalia, wakarudi darasani.

Jioni Mama Mdogo alikuwa uani akifua koti lake jeupe. Alilifua likatakata, akalifua tena.

"Kesho usije na ile kadi," alisema bila kuinua macho. "Maziwa yetu nitayapitisha kwenye kadi ya Fundi Baiskeli. Mimi mpokeaji siruhusiwi kuwa na kadi yangu. Na jirani mwenye zamu atapitisha kwenye kadi yake. Mtu wa takwimu akiondoka, tutarudi kama kawaida."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wakiiona kadi hiyo wataichukua. Tena majirani wote waliotusaidia wataulizwa. Nimeshaandamwa kwa maji nisiyoyatia. Nisiandamwe na kwa kadi." Alikamua koti kwa nguvu. "Usimwambie mtu, mwanangu."

Usimwambie mtu. Chiriku aliona kwamba hilo halingekuwa gumu. Kunyamaza ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya vizuri zaidi siku zile.

Mtu wa takwimu alifika Jumamosi asubuhi na mapema. Alikuwa msichana mrefu aliyemaliza chuo karibuni, mgongoni amebeba begi lenye kompyuta, miguuni amevaa viatu vya wazi ambavyo tope la pale lilivimeza mara moja.

"Huyu ndiye takwimu?" Fundi Baiskeli alinong'ona. "Mbona anazama kabla ya kuhesabu?"

Msichana alisikia, akacheka, akavua viatu akavisuuza bombani. Kisha akafungua kompyuta yake juu ya beseni lililopinduliwa. Alimwona Chiriku amesimama kando, akamwita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nina kazi ya watu wawili na mimi niko mmoja. Utanisaidia? Kila ndoo ikipimwa, nisomee namba iliyo kwenye mashine. Mimi nitatazama kama namba hiyohiyo imefika kwenye ripoti."

Chiriku akasogea. "Nane," alisoma ndoo ya kwanza ilipopimwa. Sauti yake ilikwaruza kwa kutotumika.

"Nane imefika. Unaona?" Dada wa takwimu alimwonyesha. Katikati ya kioo cha kompyuta palikuwa na namba moja kubwa, na kila ndoo ilipopita dirishani, namba hiyo ilipanda. "Watu wakiona ripoti imekosea, mara nyingi hutafuta nani ameiba. Mimi hufuata namba nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu aliyedondosha ufunguo njiani. Lori lilipata nini? Tangi lilipata nini? Dirisha lilipata nini? Mahali fulani namba itakuwa imeteleza."

"Sita."

"Sita imefika. Tena ripoti hii nimeitengeneza mimi mwenyewe. Kama imekosea, huenda nimekosea mimi. Ndiyo maana nimeomba nije, asitumwe mwingine."

Chiriku alimtazama upya. Hakuwa amesikia mtu mzima akisema hivyo siku zile. Meneja alisema namba hazidanganyi, Mama Mdogo alisema yeye hadanganyi, na kila mmoja alisimama upande wake.

Ndoo zilipita. Maziwa ya Chiriku yaliingia kwenye kadi ya Fundi Baiskeli, na mashine ikaandika KARIBU FUNDI. Chiriku alisoma namba, haraka, akageuza macho.

Lori lilipokuja na kunyonya maziwa yote, Dada wa takwimu alilinganisha. Nguzo ya buluu na ya kijani zilikuwa sawa, isipokuwa tone la kawaida lililomwagika. Mama Mdogo alishusha pumzi ndefu. Lakini uso wa Dada wa takwimu haukufurahi. Alimpigia Meneja simu, na sauti ya Meneja ikasikika mpaka nje.

"Unaona sasa? Siku uliyokwenda wewe, maji yamekauka. Siku zote ziada, leo hakuna. Unataka ushahidi gani tena?"

"Meneja, naomba asubuhi moja zaidi."

"Kesho nakuja mwenyewe na mpokeaji mpya. Ng'ombe hawajui Jumapili na mimi pia sitaijua."

Dada wa takwimu aliiweka simu chini. Mama Mdogo alikuwa amekaa juu ya stuli, koti jeupe limemlegea mabegani. Mpango wake wa kujilinda ulikuwa umemfunga yeye mwenyewe, naye alilijua hilo.

"Namba ikibadilika ghafla," Dada wa takwimu aliwaambia wote waliobaki, bila kufoka, "swali ni moja tu. Ni kitu gani kingine kimebadilika? Ng'ombe ni walewale. Mizani ni ileile. Mpokeaji ni yuleyule. Leo kuna kitu mmefanya tofauti na jana. Sijui ni nini. Nyinyi mnajua."

Fundi Baiskeli alianza kukagua kufuli ya baiskeli yake, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Mama mmoja akafunga upya kitambaa chake. Mama Mdogo alitazama sakafu.

Mchana huo Chiriku alimpeleka ng'ombe malishoni. Mama ndiye aliyempa ng'ombe huyo jina la Bi Harusi, kwa kuwa alitembea taratibu kama anayetazamwa. Chiriku alikaa kwenye jiwe, akaitoa kadi mfukoni. Ilikuwa imechakaa pembeni, na mkwaruzo mmoja ulipita katikati.

Ni kitu gani kingine kimebadilika? Alijua jibu. Alikuwa amelijua tangu swali lilipoulizwa, kwa sababu kitu pekee kilichobadilika kilikuwa mfukoni mwake. Hakuelewa jinsi kadi inavyoweza kuifanya ripoti ikosee. Mashine iliipokea kila siku, ikalia, ikaandika jina. Lakini siku kadi ilipobaki mfukoni, ziada ilikwisha. Haikuhitaji chuo kuliona hilo.

Alijua na jambo la pili. Akiitoa kadi, itachukuliwa. Na ikichukuliwa, hakutakuwa tena na mahali popote duniani ambapo mama yake anakaribishwa asubuhi.

Alingoja aone atahisi nini. Hakuhisi kitu. Bi Harusi alitafuna, akatembea hatua mbili za maringo, akatafuna tena. Chiriku aliigeuza kadi, akaigeuza tena, mpaka jua lilipohama kwenye jiwe na ikabidi warudi.

Jumapili Meneja alikuja mapema kuliko lori. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lake alikaa kijana aliyevaa koti jeupe jipya, lenye mikunjo ya dukani bado. Kijana mwenyewe alionekana kutamani awe mahali pengine. Mama Mdogo aliwaona, akaendelea kufuta mizani ambayo tayari ilikuwa safi.

Dada wa takwimu alikuwa pale na kompyuta yake. "Nane," mtu mwingine alimsomea. "Imefika."

Chiriku alikaa kwenye foleni kama mtu yeyote. Zamu yake ilipofika aliitua ndoo, akatia mkono mfukoni, akaitoa kadi. Mama Mdogo aliiona.

"Dada," Chiriku alisema. "Tazama hapa."

Akagusisha kadi. Ti. KARIBU MAMA CHIRIKU.

Mama Mdogo alisimama bila kujongea. Kisha taratibu akaipokea ndoo, akaimimina kwenye mizani.

"Tisa," Chiriku alisoma.

Dada wa takwimu alitazama kompyuta. Alingoja. Namba kubwa ya katikati haikupanda. Aliigusa, akaifungua ripoti upya. Namba ilikuwa palepale.

"Mama Chiriku ni nani?" aliuliza.

"Mama yangu. Amefariki."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ambayo Chiriku hakuwahi kuyasema kwa mdomo wake. Watu wengine walikuwa wakiyasema kwa niaba yake. Aliyasikia yakitoka, makavu, ya kawaida, kama aliyosoma kwenye mashine.

"Ninyi mlitoa taarifa ofisini kwamba amefariki?" Dada wa takwimu alimgeukia Mama Mdogo kwa sauti ya chini.

"Mimi mwenyewe. Ushirika ulituma rambirambi."

"Basi nimeelewa." Dada wa takwimu alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepata ufunguo aliouruka mara nyingi njiani. "Mashine hii ya dirishani haijui kitu, inapokea kadi yoyote. Lakini ripoti yangu inahesabu wanachama ambao majina yao bado yako wazi. Ofisini walipolifunga jina la marehemu, ripoti ikaanza kuyakataa maziwa yanayokuja kwa jina hilo. Haikusema kwamba imeyakataa. Iliyaweka kando, kimya, na kwa kuwa malipo yake hayajatoka bado, hakuna aliyegundua. Lori likayabeba, ripoti haikuyaona. Hiyo ndiyo ziada."

"Ndoo moja ya mtoto?" Meneja alisema. "Ziada ni zaidi ya ndoo moja."

Halafu Fundi Baiskeli akajikwamua kutoka kwenye foleni.

"Si moja, Meneja. Ni mbili. Ya mtoto, na ya mwenye zamu. Ijumaa ilikuwa yangu." Alisafisha koo. "Tulikubaliana kuwainua kidogo. Hatukutaka kelele."

"Na yangu," mama wa kitambaa akasema.

"Na yangu."

Dada wa takwimu alikuwa ameshafungua mahali pengine kwenye kompyuta, mahali ambapo yalikaa maziwa yote yaliyokataliwa. Akayasogeza pembeni ya ziada, siku kwa siku. Yalilingana. Akaigeuza kompyuta kumwelekea Meneja, naye akavaa miwani yake, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hakuna maji," alisema mwishowe.

"Hakuna maji."

Meneja alivua miwani. "Mama, nilikutuhumu mbele ya watu. Basi niseme mbele yao pia. Hukutia maji. Nisamehe." Kisha uso wake ukarudi kuwa wa kazi. "Lakini kadi ya marehemu ulijua hairuhusiwi. Jana ukaificha kabisa, ukamfanya huyu binti azunguke bure na mimi nikaamini mabaya. Kwa hilo utapata onyo."

"Nastahili," Mama Mdogo alisema. "Hata mimi nilijiona mwizi, na sikuwa nimeiba."

"Na mimi nimekosea," Dada wa takwimu alisema. "Ripoti inayotupa kitu bila kusema ni ripoti mbaya. Leo naiongezea nguzo ya tatu. Maziwa yasiyo na mwenyewe. Yakionekana hapo, mtu aulize kwa wema kabla hajamtuhumu mtu."

Yule kijana wa koti jipya aliteremka garini akauliza kama anaweza kwenda nyumbani. Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

"Wahenga walisema," Fundi Baiskeli akaanza, akitikisa kidole, "mficha maradhi..." Akakata maneno ghafla. Alikumbuka Mama Chiriku alivyoficha maumivu yake mpaka yakawa hayafichiki. Akaishika kofia yake, hajui aiweke wapi.

"Kilio humfichua," Chiriku akamalizia. "Endelea tu, Baba Redio. Haiumizi."

Lakini alipoyasema hayo, hakuwa tena na hakika kama ni kweli.

Dada wa takwimu alinyoosha mkono, na Chiriku akampa kadi. Dada hakuivuta. Aliishika kwa mikono miwili kama kitu cha watu. "Hii lazima irudi ofisini," alisema. "Maziwa yote yaliyopita hapa yatahesabiwa, hakuna tone litakalopotea. Nyumba yenu itapata kadi mpya kwa jina la baba yako. Lakini mashine inaruhusu kuandika jina la nyumbani, lolote mnalotaka. Tuandike nini?"

Chiriku alifikiri. Mama Mdogo alimtazama bila kumsaidia.

"Nyumba ya Bi Harusi," Chiriku alisema. "Mama ndiye aliyempa ng'ombe jina hilo."

Kazi ilipokwisha, Mama Mdogo na Chiriku walirudi nyumbani pamoja, Chiriku akibeba ndoo ambayo Mama Mdogo alikuwa ameijaza maji safi ya bombani ya kumnywesha Bi Harusi. Walitembea mpaka karibu na ukuta wa shule.

"Nilidhani nikinyamaza ninamlinda dada yangu," Mama Mdogo alisema. "Nawalinda majirani, na wewe pia. Majirani walifanya wema, nami nikauficha kama uovu, ndiyo maana ukaonekana uovu. Ukweli ukifichwa haukai kimya, mwanangu. Hutokea upande mwingine ukiwa umevaa nguo za uongo, na mtu asiye na kosa ndiye hushikwa. Ukiona hesabu imekosea, hata kama kuisahihisha kutakuuma, sema. Afadhali kuumia kwa jambo la kweli. Na kuna jambo jingine. Nilikuambia usimwambie mtu. Mtoto hatakiwi kubebeshwa siri ya mkubwa. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Ilikuuma? Kuitoa ile kadi?"

"Sikuhisi kitu," Chiriku alisema. Akatembea kidogo. "Mpaka nilipoona namba haipandi. Mashine ilikuwa inamkaribisha kila siku, Mama Mdogo. Kumbe hakuna aliyekuwa akimhesabu."

Mama Mdogo alimwekea mkono begani, na wakaendelea hivyo, wakiyumba kidogo kwa sababu ya ndoo.

Walipopita nguzo ya umeme, Chiriku alisimama. Aliitua ndoo chini, akakunjua vidole. Alama nyekundu ilikuwa palepale, imenyooka kama ya rula.

"Nini?" Mama Mdogo aliuliza.

"Utambo huu unauma," Chiriku alisema, na macho yake yakajaa machozi. "Unauma sana. Kwa nini wanautengeneza mwembamba hivi? Fundi Baiskeli hawezi kuuzungushia mpira? Ana mipira chungu nzima pale, ya nini yote ile?"

Mama Mdogo alimwacha aongee. Chiriku alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaishika ndoo kwa mkono wa pili, akaendelea na safari, huku akilalamika njia nzima.